Chakula Kisichoona Moto

Mwenye nyumba wangu alikuwa na salamu yake. Watu wengine wa Bariadi wakiamka husema mwangaluka, wakaulizana habari za watoto, za ng'ombe na za mvua. Yeye mwangaluka aliipitia haraka haraka, kisha akauliza alichokusudia: "Mwalimu, tumbo linasemaje?" Nami nimesimama uani, mswaki mdomoni, nikawa sina budi kutoa taarifa ya tumbo langu. Likiwa zima, alishusha mabega akaenda zake. Likiwa limenguruma kidogo, hata kama ni kwa maharage ya shuleni, siku yake iliharibika na yangu pia, maana alinifuata na kikombe cha tangawizi kutoka kwenye chupa ya chai mpaka barabarani, mbele ya wanafunzi wangu.

Nilipanga chumba kwake kwa miaka mingi. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, binti wa Sola kule Maswa, na pale mjini sikuwa na ndugu. Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoanza kuingia, ushirika ukawa si mnunuzi peke yake wa pamba, makampuni ya watu binafsi yakaja na mizani zao na malori yao, na madukani vikajaa vitu ambavyo utoto wetu wote tulivisikia tu. Marehemu mume wake alikuwa fundi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, akamwachia nyumba nzuri ya bati. Watoto wao hawakukaa, wote walikufa wangali wachanga. Basi alibaki yeye, vyumba vyake vya kupangisha, na woga wake.

Niseme mapema alichokuwa anaogopa, maana bila kulijua hilo mtu atadhani alikuwa mama mwenye visirani tu. Katika miaka ile, huku kwetu, mwanamke aliyezeeka, asiye na mume wala mtoto wa kiume wa kumsemea, akiwa na macho mekundu, aliweza kuitwa mchawi. Na akishaitwa, kuna walioamka salama na kuna waliokutwa wamekatwa mapanga. Kila mtu alijua kinachofanya macho ya wazee kuwa mekundu. Kuni hatuna, tunapikia vijiti vya pamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe, na mama anayepuliza moto huo tangu usichana wake atapata wapi macho meupe? Kila mtu alijua, na bado waliuawa.

Kwa hiyo mwenye nyumba wangu aliyalinda macho yake kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Kwenye pindo la kanga, pale wenzake wanapofunga hela, yeye alifunga kioo kidogo cha duara. Kabla ya kufungua mlango wa mbele alikitoa, akajitazama jicho hili, akajitazama jicho lile, ndipo akavuta komeo. Kioo hakikumtosha. Aliniita na mimi. "Mwalimu, hebu niangalie. Yakoje?"

"Meupe, mayu," nilimjibu, na mayu kwetu ni mama.

"Yote?"

"Yote mawili."

Vitunguu hakukata. Alimenya, akaniita nikate mimi, halafu akanicheka ninavyolia. Msibani hakulia. Hilo lilimgharimu, kwa sababu msiba wa kwetu unadai machozi, na mwanamke anayekaa mkekani macho makavu husemwa kwamba hana uchungu, na asiye na uchungu huenda anajua marehemu alikufa na nini. Nilimwambia siku moja tukitoka kuzika, "Mayu, toa hata chozi moja la kuonyesha watu." Akanijibu, "Nikilia yatakuwa mekundu. Nisipolia ni mkavu. Wewe una elimu, nichagulie."  

Sasa habari ya chakula. Msimu mmoja wa pamba alipanga kwetu bwana mmoja wa kampuni, mtu wa mbali, mpole, aliyetakiwa kufika vituo vya kununulia kule Kasoli kabla washindani wake hawajafungua mizani. Alikuwa na kopo la oti, nafaka bapa ya Kizungu. Jioni alimimina oti kwenye bakuli, akatia maziwa na sukari, akakatia ndizi mbivu, akafunika na sahani. Asubuhi alifunua, akala amesimama, akaondoka. Mwenye nyumba wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na kiberiti mkononi. Alimtazama yule bwana akila mpaka akamaliza, akatazama mafiga yake yaliyopoa, akakirudisha kiberiti kwenye kanga. "Kumbe mtu anaweza kushiba asubuhi bila kuwasha moto," aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeambiwa kuwa kesi yake imefutwa.

Msimu ulipokwisha yule bwana aliacha kopo lina oti kidogo chini. Mwenye nyumba wangu akaniletea nimsomee maandishi. Nikasoma, nikaona niseme ukweli. "Mayu, kopo linasema zichemshwe."

Akalichukua, akaligeuza geuza. "Kopo halina macho," akasema, akaenda kuloweka.

Oti zilipomwishia aliingia kwenye matobolwa. Huku kwetu viazi vitamu vya msimu huchemshwa, hukatwa vipande, huanikwa juani mpaka viwe vigumu, na hayo ndiyo matobolwa. Yanakaa mwaka mzima. Watu huyatafuna makavu au huyachemsha na karanga. Yeye aliyatwanga yakawa chenga chenga, akayalaza kwenye maziwa ya mgando usiku kucha, na asubuhi yalikuwa laini, matamu kwa utamu wake yenyewe, na uchachu kidogo wa maziwa chini yake. Juu alinyunyiza karanga za kukaanga zilizosagwa, na karanga hizo alinipa mimi nimkaangie mchana, yeye akikaa upande upepo unakotoka. Kisha asali.

Angeishia hapo ingekuwa chakula cha kawaida. Lakini alialikwa harusi ya kanisani, akapewa kipande cha keki, akala nusu na nusu akairudisha nyumbani kwenye leso. Tuliikagua mezani sisi wawili. Aliibonyeza, akainusa, akaramba ile rangi ya kahawia. "Hii nyeusi nyeusi ni nini?"

"Kakao, mayu. Ipo dukani siku hizi."

"Na hii nyekundu?"

"Jamu."

Wiki ile ile duka la pembeni likapata mteja. Alivunjavunja biskuti juu ya bakuli, akachanganya kakao kwenye maziwa, akaweka tone la jamu katikati. Msimu wa ukwaju alitengeneza rojo la ukwaju na asali badala ya jamu. Madereva na wapakiaji wa malori ya pamba, wanaoondoka alfajiri wakati migahawa haijafungua, walianza kubisha hodi kwenye mlango wake wa uani. Wao ndio waliokiita keki ya bakuli. Wasukuma tunapenda mtu aliyeshiba vizuri asubuhi, na mpakiaji aliyekula bakuli lile hakuuliza habari ya chakula mpaka jua la mchana.

Mtu angetegemea kwamba hapo atapumzika. Wapi! Aliyekimbia moshi sasa alianza kuogopa maziwa. Friji hatukuwa nayo. Mabakuli aliyapanga kwenye beseni la mchanga uliolowanishwa, kona yenye baridi ya chumba chake, kila bakuli na sahani yake, kila sahani na jiwe lake kwa ajili ya paka. Aliyafungia na kufuli, ufunguo akalala nao. Mtu mmoja tu akiharisha, alisema, mmoja tu, hawatasema maziwa yaliharibika. Watasema bibi kizee alinilisha. Ndiyo maana kila asubuhi aliniuliza tumbo langu, na siku za mlipuko wa kuharisha mjini aliniuliza hata jioni, hata nikiwa darasani alimtuma mtu dirishani.

Na alikuwa na sheria ya kuonja. Kwetu mwenye pombe hunywa wa kwanza ili mgeni aone kwamba haina kitu. Ni heshima ya dakika moja, watu wanacheka, kibuyu kinapita. Yeye aliifanya kazi. Alionja kila bakuli, kijiko kimoja, mbele ya mwenye kulila, akameza, akafungua mdomo kuonyesha kwamba amemeza, kisha akakaa kidogo kwenye kigoda kusikiliza tumbo lake. Ndipo akakupa. Lori linapiga honi, dereva anapaza sauti, "Chelewa chelewa, mama, utamkuta mwana si wako!"

"Awe wa mwingine, lakini awe hai," alijibu bila kunyanyuka.

Ukimsifia utamu hakusikia. Dereva mmoja alimwambia kwamba keki ya bakuli imeshinda ya harusi yake mwenyewe, na yeye akamuuliza kama jana yake alilala vizuri. "Utamu si kazi," aliniambia. "Kazi ni mtu kuamka." Miaka yote niliyokula mikononi mwake hakuwahi kuniuliza kama chakula ni kitamu. Na kilikuwa kitamu jamani. Hadi leo nikipita kwenye keki za dirishani mjini naona zimekosa kitu.

Ila aliruka mkojo akakanyaga mavi. Moto wa asubuhi ni ushahidi. Nyumba inayotoa moshi, jirani anajua wanapika uji, anajua uji umeiva, anaweza hata kuja kuomba kaa la moto. Nyumba isiyotoa moshi, na bado watu wanatoka humo wameshiba, je, wamelishwa nini? Chakula chake kilitengenezwa jua likishazama, kikafungiwa gizani, kikatoka alfajiri cha baridi. Jirani mmoja aliniuliza kisimani kama ni kweli hakipikwi. Nikamweleza viazi vilichemshwa tangu vikiwa viazi. Akasema, "Aa," ile aa ya mtu ambaye hakuuliza ili ajibiwe.

Shemeji yake ndiye aliyelisema kwa sauti. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu, mkulima wa pamba wa Kasoli, mtu wa adabu, anayevua kofia akiingia. Kila alipokuja mjini alipita kumsalimia, akazunguka nyumba, akagonga gonga ukuta kwa kiganja, akasema kijana wake amekua na anatafuta pa kukaa. Akiletewa bakuli alilisogeza pembeni taratibu. "Samahani shemeji. Mimi nakula kilichoona moto." Mwenye nyumba wangu aliliondoa bakuli, na shemeji akishaondoka yeye alitoa kioo chake, akajitazama, akakirudisha.

Siku niliyoiogopa tangu nianze kuelewa mambo ya nyumba ile ilifika katikati ya msimu. Mpakiaji mmoja, kijana mwenye nguvu, mteja wa kila siku, alikula nusu bakuli alfajiri, akasema hana hamu, akapanda lori. Wakiwa kituoni Kasoli akaanza kutapika na kutetemeka. Dereva akamrudisha mjini hospitali. Habari ilifika uani kwetu kabla ya lori kufika hospitali, na ilipofika ilikuwa imeshaongezwa chumvi. Mimi nilitoka shule nikakuta watu wamejaa mlangoni. Shemeji naye alikuwepo, alikuja na lori lile lile, kofia mkononi.

Mwenye nyumba wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya ua, juani, na bakuli la yule kijana magotini. Hakuna aliyekuwa amemgusa. Hakuna aliyekuwa karibu naye pia.

"Alikula hapa," mtu mmoja akasema.

"Chakula kisichoona moto," shemeji akasema polepole, kama anayemsikitikia.

 Yeye akachukua kijiko cha yule kijana, akala yale makombo, kijiko kwa kijiko, akakwangua chini, akaweka bakuli mchangani. Akafungua mdomo kuwaonyesha. Kisha akakaa, mikono juu ya magoti, na watu wakakaa kumtazama. Walikuwa wanasubiri aanguke. Sijui niseme vipi ubaya wa kusubiri kule. Wengine ni watu niliowajua, wazazi wa wanafunzi wangu, na mmoja alikuwa na mtoto mgongoni anambembeleza huku anamtazama mama mzee kama atakufa. Nilipita katikati yao nikaenda kukaa chini karibu na kigoda. Nilimwogopea yeye na, nisiseme uongo, nilijiogopea mimi pia.

Jua lilikuwa kali, upepo unaleta vumbi la barabarani. Akaniinamia kidogo, midomo haikusogea sana. "Mwalimu. Yakoje?"

Nikayatazama. "Meupe, mayu," nikasema.

Kama yalikuwa meupe kweli sijui. Niliyatazama kwa haraka ili nisione.

Vivuli vilikuwa vimeanza kurefuka dereva alipoingia uani. Alikuwa ametoka hospitali. Alisimama akashangaa umati, kisha akasema yule kijana amepimwa damu, ana malaria, malaria kali, amewekewa dripu na ameshaanza kuongea. "Hata jana jioni alikuwa analalamika kichwa," akasema. "Mlikuwa hamjui?"

Watu wakaondoka kama watu wanaotoka sokoni, wakiongea mambo mengine. Hakuna aliyeomba radhi. Shemeji alivaa kofia, akasema Mungu ni mkubwa, akaomba maji ya kunywa, akapewa. Mwenye nyumba wangu alinyanyuka, akaokota bakuli akaenda kuliosha. Jioni ile alilaza mabakuli kama kawaida. Asubuhi hakuja mtu, tukala sisi wawili. Siku zilipita hivyo, na aliyevunja kimya ni yule yule mpakiaji, amekonda, anacheka. Alitaka lenye kakao nyingi. Mwenye nyumba wangu akaonja wa kwanza, akameza, akafungua mdomo, akakaa. Na yule kijana, aliyejua kuliko mtu yeyote kwamba bakuli halikumfanya kitu, alisubiri amalize.

Baadaye nilihamishwa, nikaolewa, nikazaa. Nilisikia kwamba nyumba ameiacha kwa shemeji yake na yeye amekwenda Migato, kwa binti wa dada yake. Niliumia sana, nikafikiri amenyang'anywa. Nilipokuja kumwona, tayari nimestaafu na mimi nina kioo changu cha kutazamia mvi, nilimuuliza. "Sikunyang'anywa," akasema. "Nilimpa kabla hajaniomba vibaya. Nyumba haina shingo, mwalimu. Mimi ninayo."

Nilimkuta jikoni. Ndiyo, jikoni, kwenye moshi, anapuliza moto wa wajukuu kwa kinywa chake. Aligeuka, na macho yake yalikuwa mekundu yote mawili, mekundu ya kutosha kwa maisha yote aliyoyalinda.  Nilijikuta nageuka kuangalia nani yuko mlangoni.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanawane, mwanangu." Akanitazama ninavyomtazama. "Hapa hata watoto yao mekundu," akasema. "Nani atamshika nani?"

Lakini pindo la kanga lilikuwa bado limefungwa fundo, na niliona umbo la kile kioo.

Alijua nakuja. Binti wa dada yake alileta bakuli kutoka chumbani, sahani juu, jiwe juu ya sahani. Matobolwa, mgando, karanga, asali, na biskuti zimevunjwa juu. Mwenye nyumba wangu akanipakatisha, akasogeza kigoda, akachukua kijiko aonje kwanza.  Kijiko kiligonga ukingo wa bakuli, kikateleza, kikaanguka mchangani. Akainama kukitafuta, na uzee unainama polepole.

Sikumsubiri. Nilitia vidole kwenye bakuli, nikachota, nikala. Nikachota tena.

Aliinuka na kijiko chenye mchanga, akaona vidole vyangu, akaona mdomo wangu unavyotafuna.  Nilidhani ameudhika. Kisha machozi yakaanza, wala hakuyafuta, yakashuka kwenye mashavu mpaka kwenye kanga. Mwanamke niliyezika naye watu wengi, sikuwahi kumwona akilia.

"Mayu, yatazidi kuwa mekundu," nikamwambia, maana sikujua jingine la kusema.

"Yaache."

Nikaendelea kula. Nilisubiri aniulize tumbo. Alinisogelea, akanitazama mdomoni kama mtoto anayesubiri majibu ya mtihani, akauliza, "Tamu?"

Miaka yote ile. Nikameza, nikamwambia ukweli, kwamba ni tamu sana, ila asali imezidi kidogo.

Akacheka, pua inamtoka kamasi, akajifuta kwa kiganja. "Basi utalala hapa," akasema. "Cha kesho nitapunguza."